Mbwa Mdogo Ndani ya Gari Linalosimama Ghafla

Barabara ya kutoka Tarime kwenda Mugumu, takriban kilomita 87, haimpi dereva nafasi ya kusahau breki. Inapita kwenye vilima vya Nyamwaga, inapitia Nyamongo penye migodi ya dhahabu, inavuka Mto Mara na kuingia Wilaya ya Serengeti. Njiani kuna matuta. Kuna ng'ombe wanaovuka wakati anayewachunga yuko nyuma kabisa ya kundi, na kuna bodaboda anayechomoka uchochoroni bila kutazama kushoto wala kulia. Ukiipita Mugumu ukashika njia ya Ikoma, ng'ombe wanapungua na pundamilia wanaanza kuonekana, nao hawajui alama za barabarani.

Ndani ya gari linalopita barabara hiyo si ajabu kumkuta mbwa. Huenda ni mtoto wa mbwa aliyenunuliwa Tarime mjini anayepelekwa kwa ndugu Mugumu, au mbwa mgonjwa anayewahishwa kwa daktari wa mifugo, au mbwa wa familia inayohama na vitu vyake vyote. Kama ni mdogo, wa kilo nne, sita au nane, watu hawaumizi kichwa sana kuhusu mahali pa kumweka. Anapakatwa, au anaachwa asimame kwenye kiti cha nyuma akitazama dirishani. Kwenye pikapu anafungwa kamba shingoni, na kwenye pikipiki anatiwa ndani ya kiroba, mdomo wa kiroba ukakazwa.

Udogo huo ndio unaotudanganya. Ili tuone kwa nini, tuanze na swali ambalo abiria wachache hujiuliza: gari linaposimama, ni nani anayemsimamisha mbwa?

Mwaka 1687 Isaac Newton alichapisha kitabu ambacho ndani yake aliweka kanuni tatu za mwendo. Ya kwanza inasema kwamba kitu kilicho kwenye mwendo huendelea na mwendo ule ule, kwa mstari ule ule ulionyooka, mpaka kani fulani itoke nje yake na kukibadilisha. Tabia hiyo ya vitu kushikilia hali vilivyo nayo huitwa inesha. Kanuni hii ni rahisi kukariri lakini ni ngumu kuiamini, kwa sababu maisha yetu ya kila siku yamejaa msuguano. Mkokoteni usiposukumwa husimama, nasi hudhani kusimama ndiyo hali ya kawaida. Sivyo. Mkokoteni umesimamishwa na ardhi.

Sasa fuatilia kani moja baada ya nyingine dereva anapokanyaga breki. Breki hubana gurudumu. Gurudumu linalobanwa husuguana na barabara, na barabara ndiyo inayolisukuma gari kinyumenyume. Bodi la gari husukuma kiti, kwa kuwa kiti kimefungwa kwa bolti. Dereva husukumwa na mkanda uliofungwa kwenye bodi. Kila kilichoungana na gari hupokea sehemu yake ya kani na kupunguza mwendo pamoja nalo. Mbwa aliyesimama kwenye kiti cha nyuma hajaungana na chochote isipokuwa kwa nyayo zake nne. Kama nyayo hazitoshi, breki hazimhusu. Yeye anaendelea na safari kwa mwendo ule ule gari lililokuwa nao kabla ya breki, kuelekea kule kule gari lilikokuwa likielekea.

Nyayo zinatosha kiasi gani? Gari zuri kwenye lami kavu, breki zikikanyagwa kwa nguvu, linaweza kupunguza takriban mita saba kwa sekunde katika kila sekunde. Ili mbwa wa kilo sita apunguze mwendo kwa kiwango hicho, anahitaji kusukumwa nyuma kwa kani inayofikia asilimia 70 ya uzito wake mwenyewe, yaani kama kilo nne na robo. Kitambaa chenye manyoya kinaweza kumsaidia kidogo. Lakini viti vya magari yetu mengi vimevalishwa kava za plastiki au ngozi ya bandia zinazoteleza, na kucha za mbwa zimeumbwa kwa ajili ya udongo. Kwa hiyo anateleza, anagonga mgongo wa kiti cha mbele, anaanguka sakafuni. Ajali haijatokea bado. Ni ng'ombe tu aliyevuka, na gari limesimama salama.

Katika breki ya kawaida namna hiyo mbwa huumia kidogo au haumii kabisa. Hatari kubwa zaidi ni ya dereva. Mbwa aliyekuwa amepakatwa na dereva, au aliyelala karibu na miguu yake, anaweza kuangukia chini ya kanyagio la breki wakati ule ule breki inapohitajika. Ndiyo maana Uingereza, katika kanuni ya 57 ya mwongozo wake wa watumiaji wa barabara, inawataka madereva wahakikishe mbwa amezuiwa asimvuruge dereva, wala asimjeruhi mtu au kujijeruhi mwenyewe gari likisimama ghafla. Anayefikiriwa kwanza katika kanuni hiyo ni dereva, na nadhani wameanza mahali sahihi.

Tuje kwenye kugonga. Tanzania mwendo wa juu kabisa kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Gawanya kwa 3.6 upate mita 13.9 kwa sekunde. Kuna hesabu fupi inayougeuza mwendo wowote kuwa kimo: zidisha mwendo kwa wenyewe, kisha gawanya kwa 19.6. Jibu ni kimo ambacho kitu kikiangushwa kutoka hapo kitafika chini na mwendo huo huo. Kwa kilomita 50 kwa saa, kimo ni mita 9.8, karibu kimo cha jengo la ghorofa tatu. Kwa kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao dereva kwenye lami ya kwenda mpakani Sirari huufikia bila hata kuhisi, kimo ni mita 25. Mwendo umeongezeka kwa asilimia 60 tu, lakini kimo kimezidi mara mbili na nusu, kwa sababu mwendo umezidishwa kwa wenyewe.

Tazama tena hesabu hiyo. Uzito wa mbwa haumo. Mbwa wa kilo nne na mbwa wa kilo 40 wanaanguka kutoka ghorofa ile ile. Tena huyu mdogo ana mbavu nyembamba na shingo isiyo na misuli mingi. Anayesema "huyu ni mdogo, hana shida" ameingiza kwenye hesabu namba isiyokuwemo.

Uzito unaingia pale tunapouliza ni kani gani inahitajika kumshika. Gari linapogonga mti au gari jingine, sehemu yake ya mbele hujikunja, na kujikunja huko humpa aliyemo ndani umbali wa kusimamia. Tuseme umbali huo ni nusu mita. Kutoka mita 13.9 kwa sekunde hadi sifuri ndani ya nusu mita ni mchapuko hasi unaokaribia mara 20 ya ule wa mvutano wa dunia. Kwa muda wote wa kugonga, mbwa wa kilo sita anahitaji kushikwa kwa kani sawa na uzito wa kilo 118. Anayempakata atasema mikono yake ina nguvu. Hata tukimkubalia, kuna tatizo la muda. Kusimama kote huko huchukua takriban sehemu saba za mia moja za sekunde. Mtu mwepesi huhitaji karibu sekunde 0.2 ili macho yaone, ubongo utambue na misuli ianze kukaza. Gari litakuwa limekwisha kusimama kabla mikono haijapata habari.

Na kama aliyempakata mwenyewe hajafunga mkanda, mbwa atabanwa kati ya dashibodi na mwili wa kilo 70 unaokuja nyuma yake. Kumfunga mbwa na mtu ndani ya mkanda mmoja kunaleta matokeo yale yale kwa njia nyingine, maana kifua cha mtu kitambana mbwa dhidi ya mkanda.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Wengi hufikiri kumfunga mbwa ni kumzuia asiende mbele. Lakini kioo cha mbele nacho kitamzuia, na kitamzuia kabisa. Mbwa atasimama tu, hilo halina mjadala. Tunachokiamua sisi ni asimame katika umbali gani, na kwa sehemu gani ya mwili wake. Kioo kinamsimamisha ndani ya sentimita moja au mbili, kwa pua na fuvu. Mkanda mzuri unamsimamisha ndani ya nusu mita ile ile ya gari, kwa kifua.

Mafundi ujenzi wanaorushiana matofali wanalijua jambo hili mikononi mwao. Aliye juu ya jukwaa hasubiri tofali kwa viganja vilivyokakamaa. Hulidaka na kurudi nalo nyuma kidogo, likapungua mwendo taratibu. Mwendo unaopaswa kumalizwa haubadiliki. Umbali wa kuumalizia ukiongezeka mara mbili, kani hupungua nusu, na ukipungua mara kumi, kani huongezeka mara kumi.

Lipo jaribio moja ambalo lingepaswa kufundishwa katika kila darasa la Kidato cha Pili. Tarehe 10 Desemba 1954, jangwani New Mexico, daktari wa jeshi la anga la Marekani aitwaye John Paul Stapp alifungwa kwenye kiti cha gari la reli linalosukumwa na roketi. Lilifika mwendo wa takriban kilomita 1,017 kwa saa, kisha likasimamishwa katika sekunde 1.4. Kwa kitambo kifupi mwili wake ulibeba kani ya zaidi ya mara 46 ya uzito wake. Alitoka na macho yaliyovilia damu, lakini akaishi hadi mwaka 1999. Kani ya mara 46 ni kubwa kuliko ile ya gari letu linalogonga kwa kilomita 50 kwa saa. Kilichomwokoa Stapp ni kwamba mikanda ilimshika kila mahali, imekaza, haikumwachia nafasi ya kuanza kutembea ndani ya kiti chake.

Neno kukaza ndilo linalopuuzwa zaidi na wanaomfunga mbwa kwa nia njema. Tuseme mbwa amefungwa kwa kamba ya sentimita 60 ili "awe huru kidogo". Gari linagonga. Katika zile sehemu saba za mia moja za sekunde, gari linasogea nusu mita na kusimama. Mbwa, ambaye kamba yake imelegea, hajaguswa na kani yoyote, hivyo katika muda ule ule amesogea mita nzima. Akitoa nusu mita ya gari, amesogea nusu mita ndani ya gari, na kamba bado haijamaliza ulegevu wake. Inapokazika, gari limekwisha kusimama, lakini mbwa bado yuko kwenye mita 13.9 kwa sekunde, hajapunguza hata chembe. Ile zawadi ya nusu mita iliyotolewa na bodi la gari kujikunja imempita. Sasa lazima asimame ndani ya mnyumbuko wa kamba peke yake, tuseme sentimita kumi. Kani inaruka kutoka uzito wa kilo 118 hadi karibu kilo 590. Mbwa yule yule, gari lile lile, ajali ile ile. Tofauti ni urefu wa kamba.

Sitaki hesabu hii ipite haraka. Kamba inayomruhusu mbwa kutembea kwenye kiti ni ya kumdhibiti, haimkingi. Ya kumkinga inamruhusu kukaa, kulala na kusimama alipo, basi.

Mnyororo ni mbaya zaidi, nao ndio wenye nyumba wengi mkoani Mara wanao tayari, kwa sababu ndio unaomfunga mbwa mchana nyumbani. Sifa yake ni kwamba haukatiki. Lakini chuma hakinyumbuki, na kitu kisichonyumbuka hakitoi umbali. Umbali wa kusimamia utatafutwa mahali pengine, yaani kwenye nyama na mifupa ya mbwa mwenyewe. Utepe uliofumwa wa mkanda wa gari una nguvu ya kubeba zaidi ya tani moja kabla ya kukatika, na bado hunyumbuka kidogo unapovutwa. Huko kunyumbuka ndiko kunakotakiwa.

Kisha tuangalie ni wapi pa kumshika. Kani ile ile ikitua kwenye eneo dogo huwa na kanieneo kubwa. Mkanda wa shingoni wenye upana wa sentimita mbili hugusa mbele ya shingo ya mbwa mdogo kwa eneo la sentimita za mraba 20 hivi. Mkanda wa kifuani wenye upana wa sentimita tano, unaozunguka kidari na kupita nyuma ya miguu ya mbele, unaweza kufikisha sentimita za mraba 100. Kanieneo inapungua mara tano. Na hata kama zingelingana, shingo imebeba koo la hewa, mishipa mikuu ya damu na uti wa mgongo kwenye kipenyo kidogo, wakati kidari ni mfupa uliozungukwa na misuli. Mbwa aliyefungwa shingoni nyuma ya pikapu ana hatari ya pili: gari likirushwa na tuta akatoka nje ya bodi, kamba ikiwa ndefu ataburutwa, ikiwa fupi atanyongwa. Kwa mbwa mdogo, bodi la pikapu lililo wazi halifai kwa namna yoyote, na sijui njia ya kulifanya lifae zaidi ya kufunga kizimba imara ndani yake.

Mikanda ya kifuani iliyotengenezwa kwa ajili ya magari si rahisi kuipata Tarime au Mugumu. Fundi viatu mwenye cherehani ya ngozi anaweza kushona mmoja kwa utepe mpana wa mkanda wa gari kuukuu. Mwambie ukweli wa kazi yake: utepe hautakatika, kitakachoachia ni uzi na kifungo. Ashone mishono ya kwenda na kurudi yenye kisanduku na msalaba ndani yake, na pete iwe ya chuma, si plastiki. Marekani kuna taasisi iitwayo Center for Pet Safety, iliyoanzishwa mwaka 2011. Mwaka 2013 ilijaribu mikanda ya dukani ya mbwa kwa kutumia mbwa wa bandia kwenye mwendo wa karibu kilomita 48 kwa saa. Mikanda kadhaa iliachia, na mbwa wale wa bandia wakaruka. Kwa hiyo mkanda wa fundi wetu tuuamini kwenye breki, matuta na kona, ambazo ndizo sehemu kubwa ya safari, na kwenye kugonga tuuhesabu kuwa bora kuliko mikono mitupu. Zaidi ya hapo nisingeahidi.

Kwa mbwa wa chini ya kilo nane, mimi ningechagua kizimba. Fizikia yake ni nzuri sana. Mbwa aliye ndani ya kizimba kidogo, mwili wake ukigusa au kukaribia ukuta wa mbele, husukumwa na ukuta mzima badala ya utepe mmoja. Ulegevu ni wa sentimita chache tu. Lakini kizimba chenyewe kina inesha. Kizimba cha kilo nne chenye mbwa wa kilo sita, kikiwekwa tu juu ya kiti, ni kitu cha kilo kumi kinachosubiri kuruka. ADAC, chama kikubwa cha madereva cha Ujerumani, kinashauri kizimba kidogo kikae sakafuni nyuma ya kiti cha mbele. Kiti kirudishwe nyuma mpaka kikibane. Ni ushauri usiohitaji kununua chochote. Hakuna mahali pa kwenda: mbele kuna mgongo wa kiti, nyuma kuna kiti cha nyuma.

Wengi wetu tuna tenga la kuku, na tenga lililosukwa vizuri lina faida mbili, hewa na mnyumbuko. Udhaifu wake ni mdomo. Mfuniko uliofungwa kwa kamba ya katani mahali pamoja hufunguka ukisukumwa, kwa hiyo ufungwe pande nne. Ukubwa nao una kanuni: mbwa aweze kusimama, kugeuka na kujilaza. Kizimba kikubwa kuliko hapo kinageuka kuwa chumba, na mbwa atarushwa kutoka ukuta hadi ukuta kwenye kila kona ya Nyamwaga. Chini weka gunia au kipande cha zulia la mpira, si karatasi, ili nyayo zipate msuguano.

Kiti cha mbele kiachwe. Mfuko wa hewa wa abiria hufumuka kwa mwendo unaozidi kilomita 200 kwa saa, na umepimwa kwa ajili ya kifua cha mtu mzima aliyekaa wima. Kichwa cha mbwa mdogo kiko pale pale unapofumukia.

Kuhusu pikipiki sitasema "usimbebe", maana kwa kaya nyingi za Tarime na Serengeti ndicho chombo pekee kilichopo. Nitasema kuhusu kiroba. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Jasho lake ni dogo na hutoka kwenye nyayo. Kazi kubwa ya kujipoza hufanywa na ulimi na njia ya hewa, kwa kuhema. Kila gramu moja ya maji inayogeuka mvuke mdomoni huondoka na joto la takriban juli 2,400. Lakini maji hugeuka mvuke pale tu hewa inayoyazunguka ina nafasi ya kuupokea. Ndani ya kiroba cha nailoni, hewa hujaa unyevu ndani ya dakika chache, mbwa anahema zaidi, na kuhema kwenyewe ni kazi ya misuli inayozalisha joto. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, hatari imeanza. Tenga dogo lililofungwa kwa mpira kwenye keria, pembe zote nne, si zito sana na linampa hewa. Pia halichezi, na mzigo usiocheza humsaidia mwendesha pikipiki, ambaye husawazisha uzito kwa mwili wake kila nukta.

Fizikia hiyo hiyo inamfuata mbwa kwenye gari lililoegeshwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulipima magari yaliyofungwa juani na kukuta joto la ndani likipanda kwa karibu nyuzi 22 ndani ya saa moja, asilimia 80 ya ongezeko hilo ikitokea katika nusu saa ya kwanza, hata siku ambazo nje hakukuwa na joto kali. Kuacha vioo wazi kwa sentimita chache kulisaidia kidogo sana. Tarime ni ya milimani na hewa yake ni ya baridi kiasi, na hilo huwapa watu imani ya uongo. Nyuzi 25 za nje ukiongeza 22 ni 47. Anayeshuka Sirari kushughulikia karatasi za mpaka ashuke na mbwa wake.

Safari ya kutoka Mugumu kwenda Arusha ina sharti jingine. Njia fupi inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mbwa wa nyumbani haruhusiwi kuingia hifadhini, hata akiwa amefungwa vizuri namna gani. Sababu yake ni ya kibaiolojia, na eneo hili limeilipia. Mwaka 1994 virusi vya distempa ya mbwa viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwamwitu walikuwa wamekwisha kutoweka kwenye nyanda zake ifikapo 1991, na magonjwa ya jamii ya mbwa, kichaa cha mbwa kikiwemo, yalihusishwa na kutoweka huko. Tangu miaka ya 1990 mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wamekuwa wakichanjwa kwa kampeni, kwa sababu ukichanja karibu asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kichaa hukosa njia ya kusambaa. Mwenye mbwa anayekwenda Arusha azunguke kupitia Mwanza na Singida, na apange vituo vya maji na kutembea kila baada ya saa mbili au tatu.

Chanjo hiyo ina kazi ndani ya gari pia. Mbwa aliyeumia katika ajali, hata awe mpole kiasi gani nyumbani, huuma. Anaweza kumuuma anayemfuga, na mara nyingi zaidi atamuuma mpita njia aliyekuja kufungua mlango kumwokoa. Katika mkoa ambao kichaa cha mbwa kipo, jeraha hilo linaoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeumwa anakwenda hospitali kuanza chanjo inayorudiwa kwa siku zilizopangwa. Ni gharama na ni nauli, na kwa mtu wa kijiji cha mbali ni safari baada ya safari, kwa kosa la kusaidia. Mbwa aliyekuwa ndani ya kizimba anabebwa pamoja na kizimba chake, hakuna mkono unaomgusa. Mbwa aliyekuwa huru, kioo kikivunjika, hukimbilia mashambani na mshtuko wake, na hakuna atakayejua kama amechanjwa.

Kwa hiyo cheti cha chanjo kisiachwe nyumbani kabatini. Nakala yake itiwe kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa juu ya kizimba, ikiwa na jina la mbwa, tarehe ya chanjo ya mwisho na namba ya simu ya mtu ambaye hayumo ndani ya gari hilo.